Mvua kubwa, mifugo na bili inayochelewa kufika

Mhadhara wa wazi uliotolewa Dodoma mbele ya maafisa mifugo, maafisa afya, madiwani, wafugaji na wanafunzi

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Wanafunzi mlioko kwenye ngazi, karibuni sana, ila acheni njia ya watu kupita.

Nimeombwa nizungumzie gharama za hali mbaya ya hewa na athari zake kwa afya ya jamii. Mada hii ni pana mno. Nikiiachia iende inavyotaka tutalala humu. Kwa hiyo nimechukua mfano mmoja ambao Dodoma inaufahamu kwa uchungu, nao ni mlipuko wa mwaka 2007 wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu. Baadaye nitapita Beira ya Msumbiji na Dar es Salaam kidogo, kisha tutafungua maswali.

Tuanze na namna tunavyohesabu. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alisimama bungeni, hapa hapa mjini, akaeleza kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeathirika. Miezi michache nyuma, Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang' yalikuwa yameuvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakafa. Kwa jirani zetu Kenya, masika yale yale ya 2024 yaliondoka na karibu watu 300, wakiwamo wale wa Mai Mahiu waliofikiwa na maji usiku wakiwa wamelala.

Hizo ndizo takwimu zinazosomwa, na zina haki ya kusomwa. Lakini ni hesabu ya siku ile maji yalipopita. Sijasikia mtu akisimama bungeni wiki sita baadaye kueleza ni watoto wangapi wameharisha kwa sababu kisima kiliingiwa na maji ya choo, wala ni wajawazito wangapi wamejifungulia njiani kwa sababu kivuko kilikatika, wala ni wagonjwa wangapi wa kisukari na presha waliokatisha dawa kwa sababu vidonge vilisombwa pamoja na kabati. Mara nyingine hata daftari la zahanati ambalo lingetupa hesabu hiyo limeloa.

Hasara hiyo ya baadaye ndiyo iliyonileta hapa, na sababu yake ni kwamba inakuja polepole. Tope la mlimani halikupi nafasi hata ya kuvaa viatu. Ugonjwa unaoletwa na mvua unakupa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Muda wa kuuwahi upo. Ninachouliza mimi ni nani ana fedha mkononi ndani ya muda huo.

Sasa tuje kwenye homa yetu. Virusi hivi vilitambuliwa Kenya, kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, ambako mwaka 1930 wanakondoo walikuwa wanakufa kwa wingi. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo yake mwaka 1931. Kwa hiyo si ugonjwa mgeni. Unakaribia kutimiza miaka mia tangu uandikwe vitabuni, na wafugaji waliujua kabla ya vitabu.

Kinachonishangaza mpaka leo ni mahali unapojificha wakati wa kiangazi. Kuna mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa mbuga na vibonde vinavyojaa maji mvua ikizidi. Mbu jike mwenye virusi huvipitisha ndani ya yai. Maji yakikauka, yai linabaki kwenye udongo uliopasuka, linaweza kukaa hapo miaka, ng'ombe wanapita juu yake asubuhi na jioni na hakuna anayejua. Mvua ya kawaida hailisumbui. Ikija ya kupitiliza, kibonde kikajaa na maji yakatuama kwa siku kadhaa, mayai yanaanguliwa kwa mkupuo, na baadhi ya mbu wanatoka wakiwa na virusi tayari. Wanauma mifugo. Mifugo ikishaugua, wanakuja mbu wa aina nyingine, hasa Culex, ambao huchelewa kidogo kuongezeka, na hao ndio wanaousambaza kwa kasi.

Kundi la kondoo likipigwa, zizi litakwambia kabla ya maabara. Karibu kila jike lenye mimba linaitupa. Wanakondoo wa siku chache wanakufa zaidi ya asilimia 90. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa: anayechinja, anayechuna, anayeingiza mkono kumsaidia mnyama kuzaa, anayekunywa maziwa mabichi. Mbu pia anaweza kumwambukiza. Walio wengi wanapata homa na maumivu ya viungo, inapita, wanasema ilikuwa malaria. Wachache wanafika hatua ya kuvuja damu, na kati ya hao karibu nusu wanakufa. Wengine wanapona lakini macho yanabaki na kovu, na kuona kwao hakurudi kulivyokuwa. Hakuna ushahidi kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimeona hofu ya msibani ikiwa kubwa kuliko hofu ya machinjioni, wakati ilitakiwa iwe kinyume chake.

Wenye umri wangu mnaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Mvua ilianza Oktoba ikakataa kukoma. Kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia watu walizungukwa na maji, na Desemba wakaanza kufa kwa homa na kutokwa damu. Makadirio yaliyotolewa baadaye ni kwamba watu 89,000 waliambukizwa na 478 walikufa. Nchi za Ghuba zilifunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Saudi Arabia, ambayo mwaka 2000 nayo iliupata ugonjwa huo pamoja na Yemen, iliendelea na marufuku hadi 2009. Fikiria mfugaji wa Kisomali ambaye soko lake kubwa la mwaka ni msimu wa Hija. Mvua ya miezi minne ilimgharimu soko la miaka.

Baada ya janga lile kikafanyika kitu kizuri. Watafiti Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walionyesha mwaka 1999 kwamba ukiunganisha joto la maji ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha ukijani wa malisho, ungeweza kuuona mlipuko ukija hadi miezi mitano kabla. Mwaka 2006 njia hiyo ikatumika kweli. Septemba dalili zikaonekana. Novemba Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likatoa tahadhari. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, Kenya. Januari 2007 ukaonekana kwetu, ukianzia upande wa Ngorongoro, na kabla masika hayajaisha ulikuwa umefika mikoa mingi, Dodoma ikiwa na wagonjwa wengi kuliko mkoa mwingine wowote.

Yaani tulionywa. Ikafuata nini?

Kuna uchunguzi mmoja ninaoupenda sana kwa sababu waliofanya kazi hiyo waliwaendea wafugaji wenyewe, Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya na Wamasai wa Tanzania, wakawaomba waeleze matukio kwa mpangilio: mvua ilianza lini, mbu walifurika lini, mnyama wa kwanza aliugua lini, mtu wa kwanza lini, serikali ilifika lini. Mfugaji hana kalenda ukutani, lakini anajua mbuzi yupi alizaa mwezi gani. Majibu yalipounganishwa yakatoa wastani ufuatao. Kutoka mvua kubwa kuanza hadi makundi ya mbu kutokea, siku 23.6. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kushukiwa, siku 16.8. Kutoka mnyama huyo hadi mtu wa kwanza, siku 17.5.

Jumlisheni. Ni takriban siku 58 kati ya mvua na mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu. Karibu miezi miwili!

Sasa upande wa pili. Kutoka mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma za afya ya binadamu kuingia kazini, wastani ulikuwa siku 30. Hadi huduma za mifugo kuingia kazini, siku 61.7. Afisa mifugo, ambaye kazi yake ndiyo ingemkinga binadamu, alifika wiki sita baada ya binadamu kuanza kuugua. Wala sisemi kwamba alikuwa amelala. Muulizeni: gari lilikuwa na mafuta? Barabara ilikuwa inapitika? Chanjo ilikuwepo kwenye jokofu la mkoa? Posho ya kulala porini ilikuwa imeidhinishwa na nani? Mnaofanya kazi halmashauri mnacheka, lakini mnajua ninachosema.

(Kicheko.)

Suala la chanjo linastahili kukaa nalo kidogo, maana hapo ndipo uchumi na tiba vinapogombana. Chanjo ya mifugo dhidi ya ugonjwa huu ipo tangu zamani. Ile ya aina ya Smithburn ni ya bei nafuu na dozi moja inatosha, lakini ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ukimchoma mnyama mwenye mimba anaweza kuitupa. Halafu mlipuko ukishaanza, kuchanja kunaweza kuongeza tatizo: ukitumia sindano moja kwa ng'ombe ishirini, na mmoja kati yao ana virusi kwenye damu, umewagawia wote. Kwa hiyo chanjo hii inafaa kabla. Lakini kabla ya lini? Milipuko mikubwa kwetu huja kila baada ya miaka minane hadi kumi hivi. Mfugaji atachanja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, haoni ugonjwa wowote, wa nne ataniuliza fedha zake zinaenda wapi. Serikali nayo ikinunua akiba ya dozi milioni moja, zitaisha muda wake ghalani na mkaguzi atauliza swali lile lile. Watengenezaji wakiona hakuna mnunuzi wa uhakika hawazalishi nyingi. Mwisho wake, utabiri unatoka Septemba, na chanjo inaanza kutafutwa Desemba.

Hesabu ya kilichotokea ndiyo hii. Kenya, wachumi walikadiria kwamba mlipuko wa 2006 na 2007 uliigharimu nchi zaidi ya shilingi bilioni 2.1 za Kenya, karibu dola milioni 32 za wakati ule, na sehemu ya hasara hiyo ilikuwa nje kabisa ya ufugaji, kwenye usafirishaji na huduma. Tanzania, makadirio yanataja vifo vya ng'ombe karibu 17,000, na mbuzi na kondoo zaidi ya 33,000. Serikali ilitumia takriban dola milioni 3.84 kuudhibiti. Watu zaidi ya 100 walikufa hapa nchini. Kenya walikufa zaidi ya 150.

Lakini tusiishie kwenye dola. Mnaoijua Msalato siku ya mnada, mnajua pale hauzwi ng'ombe peke yake. Kuna dalali, kuna mswagaji aliyetembea na kundi siku mbili, kuna dereva wa fuso na utingo wake, mchinjaji, mwosha utumbo, muuza kichwa na kwato, mchoma nyama, mama wa ndizi, kijana wa maji ya kunawa, mkusanya ushuru wa halmashauri. Nyama ikiogopwa, wote hao wanarudi nyumbani mikono mitupu siku hiyo hiyo. Ushuru ukikosekana, halmashauri inakosa fedha za mafuta ya lile gari la afisa mifugo tuliyemtafuta dakika tano zilizopita. Na watoto wa wafugaji, ambao protini yao ni maziwa, wanakatazwa maziwa mabichi na huku kuni za kuchemshia zimeloa. Hasara ya namna hii haiandikwi kama gharama ya ugonjwa, kwa sababu wanaoipata hawajaugua.

Naomba nisisitize kwamba jambo hili halikuishia 2007. Juni 2018, baada ya masika mazito, ugonjwa ulirudi Wajir, Kenya, na mwaka huo huo Rwanda ilipata mlipuko mkubwa kwenye mifugo ya upande wake wa mashariki. Baada ya 2007 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, ya Nairobi na wenzao wa idara za mifugo za ukanda huu walitengeneza mwongozo unaosema hatua kwa hatua: utabiri ukitoka fanya hivi, mvua ikianza fanya hivi, mbu wakifurika fanya hivi. Ni mwongozo mzuri. Una kasoro moja ambayo si ya waandishi wake, kwamba kila hatua inaanza na mtu mwenye fedha.

Nihame sasa, maana nataka mwone mahali ambapo fedha na vifaa viliwahi.

Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia Machi 15, 2019. Msumbiji pekee watu zaidi ya 600 walikufa. Mifumo ya maji ya mji ilivunjika, watu wakahamia mashuleni, na Machi 27 kipindupindu kikathibitishwa. Aprili 2 ilitua shehena ya karibu dozi 900,000 za chanjo ya kumeza. Aprili 3 kampeni ikaanza, na ndani ya wiki moja watu zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa. Mlipuko ule uliishia na wagonjwa zaidi ya 6,700.

Waliokufa kwa kipindupindu walikuwa 8.

Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu lita moja ya maji kwa saa. Asipotibiwa, nusu ya wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kufa, wengine ndani ya siku moja. Akipata maji ya chumvichumvi na sukari mapema, na dripu kwa aliyezidiwa, vifo vinashuka chini ya asilimia moja. Beira walikwenda chini zaidi ya hapo. Waliwezaje? Akiba ya chanjo ya dunia ilikuwa imeanzishwa mwaka 2013, ikalipiwa na kukaa ghalani ikisubiri msiba ambao hakuna aliyejua utatokea wapi. Na wahudumu wa Beira hawakuanza kujifunza siku ile. Mji ule ulikuwa umeshafanya kampeni ya majaribio ya chanjo ya kipindupindu katika mtaa wa Esturro, mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004. Dozi moja ya chanjo inayotumika sasa ni kama dola moja na nusu.

Linganisheni na Malawi, ingawa ulinganisho wenyewe si wa haki kabisa. Kipindupindu kilianza huko Machi 2022, mwaka ambao dhoruba Ana na kimbunga Gombe vilikuwa vimepita, kikaenea wilaya zote, na kilikuwa bado kinaendelea Kimbunga Freddy kilipoingia Machi 2023. Wagonjwa walifika takriban 59,000 na vifo vikazidi 1,700. Kwa kila wagonjwa elfu moja, Beira ilizika mmoja na Malawi karibu thelathini. Beira ilikuwa na macho na ndege za dunia nzima. Malawi ilikuwa na vijiji vilivyotawanyika na mlipuko wa mwaka mzima ambao kamera zilikuwa zimeuchoka. Halafu Oktoba 2022 akiba ya chanjo duniani ilipungua kiasi kwamba ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Mabadiliko ya tabianchi yalikuwa yanaongeza maombi, ghala wakati huo lilikuwa lile lile.

Dar es Salaam nitaipitia haraka, lakini kuna jambo moja siwezi kuliacha. Mafuriko ya Aprili 2018 yalizigharimu kaya za jiji lile zaidi ya dola milioni 100, kwa makadirio ya Benki ya Dunia. Watu wengi wanakumbuka mabasi ya mwendokasi yaliyozingirwa na maji kwenye karakana ya Jangwani. Mimi nataka tuongelee choo. Kwenye mitaa iliyobanana, gari la kunyonya maji taka halipiti uchochoroni, na likipita, bei yake kwa safari moja ni kubwa kwa familia ya wapangaji sita wanaogombana nani alipe. Choo kimejaa. Wanafanyaje? Wanasubiri mvua kubwa, usiku wanatoboa upande wa shimo, maji yanakwenda na kila kitu. Kutapisha choo. Wenyeji wa Dar mmekaa kimya ghafla.

(Kicheko.)

Anayefanya hivyo anajua ni kosa, na anajua jirani wa chini atapata nini. Amepiga hesabu na bei ya gari imemshinda. Kwa hiyo mimi, pamoja na kwamba nimesomea magonjwa, nikiulizwa mpango gani wa afya ungepunguza kipindupindu Dar kwa gharama ndogo, ningesema lipieni watu nusu ya gharama ya kunyonya choo mwezi Februari, kabla ya masika, na mruhusu vifaa vidogo vinavyosukumwa kwa mkono viingie vichochoroni. Wengine wataniambia hiyo ni kazi ya idara ya maji taka. Sawa, ilimradi ifanyike. Niongeze pia kwamba mvua isisingiziwe kila kitu: mlipuko uliotutesa sana, ule ulioanza Dar Agosti 2015 na kufikisha wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500 hadi mwanzoni mwa 2018, ulianza kiangazi.

Nirudi kwenye fedha, kisha nikae. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kuelekea Septemba, wakati bajeti imeshapita na kila shilingi ina mwenyewe. Fedha za dharura zinatoka msiba ukishatangazwa. Ndiyo kusema, kwa mpangilio wetu, kinachofungua mfuko ni maiti. Inawezekana kuwa vinginevyo. Tangu 2018 Shirikisho la Msalaba Mwekundu lina utaratibu wa kutoa fedha kwa kigezo cha utabiri: kiwango fulani kikifikiwa, fedha inatoka bila kikao kingine. Halmashauri inaweza kuandika sharti kama hilo kwenye bajeti yake. Mvua zikitabiriwa juu ya wastani, na joto la Bahari ya Hindi likiwa hivi, fungu kadhaa linafunguka: mafuta, sindano, chanjo kwa kata zenye mbuga, matangazo ya redio. Msimu ukiwa wa kawaida, fungu linabaki kwa mwaka unaofuata. Najua maafisa fedha wanachukia neno kubaki. Tuongee nao.

Na watu wa kuifanya kazi wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mhudumu wa namna hiyo ndiye anayesikia kwamba mbuzi wa fulani wametupa mimba wote wiki moja. Apewe namba ya kupiga na aruhusiwe kuripoti mbuzi, si watu tu. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi miradi mingi ya afya ukanda huu ilivyoyumba ndani ya wiki chache. Kwa hiyo tusipange utaratibu huu kwa fedha ya kuazima.

Haya, maswali. Kuna mama ameuliza kwa karatasi kama tuache maziwa. Hapana mama, chemsha mpaka yachemke kabisa, na nyama iive. Hatari kubwa iko kwenye damu mbichi. Mnyama anayekufa mwenyewe au aliyetupa mimba, usimchune, hata kama ngozi inakuuma.

Na mzee wangu mwenye lubega nyekundu, umeuliza swali gumu. Umesema: nikitoa taarifa leo kwamba kondoo wangu wanatupa mimba, kesho mnaweka karantini, mnada unafungwa, majirani wananichukia, na kondoo zangu zinakufa vilevile, kuna faida gani? Sikufichi, mzee. Kwa jinsi mambo yalivyo, anayetoa taarifa ndiye anayelipa kwanza. Kama mimi ningekuwa wewe ningesita. Kinachoweza kupunguza maumivu haraka ni karantini kutajwa tarehe yake ya kupitiwa upya siku ile ile inapotangazwa, ifungwe kata iliyoguswa na si wilaya nzima, na wa kwanza kuripoti achanjiwe mifugo iliyobaki bure na apelekewe dawa za mbu. Hilo haliletwi na Wizara peke yake, linaweza kuanza kwa sheria ndogo ya halmashauri. Diwani wako amekaa safu ya tatu, yule mwenye shati la kitenge. Mshike kabla hajaondoka.